Yogati ya zambarau iliyotoka kijivu: uchambuzi wa kisa kimoja

Msindikaji mdogo wa maziwa mkoani Tanga hutengeneza yogati ya kawaida, lita 100 kwa mkupuo, na inauzika. Msimu wa zambarau unapofika anaamua kuachana na rangi ya dukani na ladha ya chupa, atumie zambarau zinazookotwa vijijini na mchaichai wa uani. Hesabu yake inaeleweka: matunda ni ya kuokota, wateja wanaulizia bidhaa isiyo na kemikali, na zambarau ikishadondokea shati haitoki, basi kwenye maziwa itatokaje? Mkupuo wa kwanza unakuja na kasoro tano kwa pamoja. Maziwa yanachukua saa tisa kuganda badala ya tano. Rangi ni kijivu chenye usamawati. Kuna chembechembe zinazohisiwa ulimini. Ukimeza, mdomo unakauka. Na kufikia siku ya tano vifuniko vya vikombe vimevimba.

Kisa hiki kimekusanya makosa yanayojirudia kwa wasindikaji wa kiwango hiki na kuyaweka kwenye mkupuo mmoja, ili ionekane jinsi kosa moja linavyolishika mkono la pili. Hakuna kasoro hata moja kati ya hizo tano iliyosababishwa na ubovu wa tunda. Karibu zote zimetoka kwenye mpangilio wa kazi: kitu gani kilitiwa wapi, kwa joto gani, na kabla ya nini.

Kazi ilifanyika hivi. Zambarau kilo 12 zilioshwa kwa maji ya kisima, zikasagwa nzimanzima na mbegu zake kwenye blenda pamoja na maji lita 6, zikachujwa kwa chujio la chai, kisha juisi ikachemka kwenye sufuria la alumini dakika 40 mpaka zikabaki lita 6. Nusu kilo ya mchaichai ilichemshwa ndani ya maziwa yenyewe. Maziwa yakiwa kwenye 85°C, juisi yote ikamiminwa humo pamoja na sukari kilo 8, mchanganyiko ukapoozwa hadi 43°C na kimea, yaani bakteria wanaogandisha yogati, kikatiwa. Rangi iligeuka papo hapo juisi ilipoingia, ila mtengenezaji akajipa moyo kwamba itarudi maziwa yakishaganda. Tumaini hilo lina ukweli nusu, na ndiyo maana linawapoteza wengi.

Rangi ilikwenda wapi

Rangi ya zambarau, kama ile ya rozela au ya kabichi ya zambarau, inatokana na kundi la kemikali za mimea ziitwazo anthosianini. Kemikali hizi hubadilika umbo kufuatana na uchachu. Chini ya pH 3 (pH ni kipimo cha uchachu: namba ikishuka, uchachu umezidi) ni nyekundu iliyokolea. Zikipanda kuelekea 4 hadi 5, sehemu kubwa hugeuka umbo lisilo na rangi kabisa. Zikifika 6 hadi 7 huwa za samawati au kijivu-zambarau, na hapo ndipo zinapokuwa dhaifu zaidi: joto kidogo tu linazivunja na zinabaki na uhudhurungi usiorudi nyuma.

Maziwa freshi yana pH ya 6.6 hadi 6.7. Kwa hiyo juisi ilimiminwa mahali pabaya kuliko pote, tena penye joto la 85°C. Kimea kilipoanza kazi na pH kushuka, ile sehemu iliyosalimika ilirudi kwenye upinki, lakini iliyovunjika haikurudi, na ikazidi kuipa yogati sura ya kuchakaa. Ukitaka kuona jambo hili bila kuharibu maziwa, chukua vijiko viwili vya juisi ya zambarau, kimoja utie kwenye maziwa baridi na kingine kwenye yogati tayari. Tofauti inaonekana kabla hujaweka kijiko chini.

Alumini nayo ilichangia. Anthosianini za zambarau ni hasa za jamii tatu, delfinidini, petunidini na malvidini, na mbili za kwanza hushikana na metali kama alumini na chuma, zikazaa usamawati. Juisi chachu ikichemka dakika 40 kwenye sufuria la alumini huyeyusha metali ya kutosha kufanya hivyo. Maji ya kisima yenye chuma hufanya kazi ileile kimyakimya, na yakiwa na chumvi nyingi za chokaa hupandisha pH ya juisi juu yake. Sufuria na mwiko viwe vya stenlesi au vya enameli isiyobanduka. Mwiko wa mbao unafaa kukorogea wakati wa kupika, si wakati wa kuchanganya na yogati iliyopoa, kwa sababu mbao hutunza hamira kwenye nyufa zake.

Sasa tuseme lile ambalo wauzaji wa rangi za asili hawalisemi mapema. Hata ukifanya kila kitu sawa, yogati ya zambarau iliyochanganywa haitakuwa ya zambarau iliyokolea. Maabara zinapopima kiasi cha anthosianini hutumia njia ya pH mbili: sampuli moja huwekwa kwenye pH 1.0, nyingine kwenye pH 4.5, zote hupimwa ufyonzaji wa mwanga kwenye nanomita 520 na 700, na tofauti ndiyo inayoingizwa kwenye hesabu. Njia hiyo imesimama juu ya jambo moja, kwamba kwenye 4.5 rangi ya anthosianini za kawaida huwa karibu imetoweka. Na 4.5 ndiyo pH ambayo uchachushaji wa yogati husimamishwa. Zambarau ina tatizo la ziada: anthosianini zake nyingi zimebeba sukari mbili katika nafasi mbili tofauti za molekuli, na aina hiyo hupoteza rangi mapema zaidi uchachu unapopungua.

Kwa sababu hiyohiyo yogati nyingi za stroberi za viwandani hutiwa rangi ya bitiruti, maana nyekundu ya bitiruti haiyumbi kati ya pH 3 na 7, ingawa nayo haipendi joto wala mwanga. Msindikaji anayetaka pinki ya kukoza afahamu hilo kabla ya kununua gunia la matunda. Kinachopatikana kwa zambarau ndani ya yogati ni pinki-zambarau hafifu. Ni rangi nzuri, lakini picha ya kwenye lebo isiahidi nyingine.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba utie vitamini C ili kulinda rangi. Kwa anthosianini ni kinyume chake. Vitamini C ikikutana na hewa hujiharibu yenyewe na kwenye kuharibika huko huivunja anthosianini pia. Kinachosaidia ni asidi ya sitriki, ndimu ya unga ya dukani, kwa sababu inashusha pH. Na rojo la matunda lililohifadhiwa kwa metabisulfiti halifai, kwani salfaiti iliyomo huifuta rangi hii.

Mbegu, tanini na mchanga ulimini

Mbegu ya zambarau imejaa tanini, kemikali za mimea zenye ukakasi. Blenda ikishaipasua, tanini zote zinaingia kwenye juisi. Tanini hushikana na protini, na kazeini ya maziwa ni miongoni mwa protini zinazoshikana nazo kwa urahisi mno. Kidogo kinachoshikana huwa chembe. Kinachobaki bila kushikana hukausha mdomo, kwa sababu kinatafuta protini za mate.

Chembe za mkupuo huu zilikuwa na chanzo cha pili pia. Juisi yenye pH ya 3 na ushei ikimiminwa kwenye maziwa ya 85°C huyakatisha pale inapoangukia, hata kama maziwa yote kwa ujumla bado hayajachacha vya kutosha kukatika. Ndivyo jibini la ndimu linavyotengenezwa, tofauti ni kwamba hapa hakuna aliyelikusudia. Kukoroga kwa nguvu hakuondoi chembe hizo, kunazigawa tu ziwe ndogo zaidi na nyingi zaidi.

Dawa ya kwanza ni kutoipasua mbegu. Zambarau hulainika zikipashwa joto, kisha husukumwa kwa mkono wenye glavu au kwa mwiko kwenye chekeche la matundu mapana, mbegu zikabaki juu zikiwa nzima. Dawa ya pili ni kuchagua matunda. Zambarau nyeusi kabisa na laini ndiyo itakiwayo. Yenye wekundu bado ina tanini nyingi na rangi kidogo, na waokotaji wanaolipwa kwa kilo huzichanganya bila hiyana. Lipa kidogo zaidi kwa nyeusi peke yake, utaokoa zaidi ya hicho ulichoongeza.

Kupima tanini kabla ya kuingia gharama hakuhitaji maabara. Yeyusha gramu 1 ya jelatini kwenye mililita 100 za maji ya moto, acha ipoe, dondosha matone kumi kwenye mililita 10 za juisi iliyochujwa. Ikitia ukungu mwepesi, endelea. Ikishusha machicha mazito chini ya glasi, juisi hiyo itakausha mdomo wa mteja. Jelatini ya kupimia haiingii kwenye chakula, ila mtu akitaka kuitumia kusafisha juisi yenyewe na kuuza pwani, lazima ajue imetoka kwa mnyama gani na kama ina uthibitisho wa halali. Njia isiyo na mgogoro ni kutumia maziwa yaliyotolewa mafuta: mililita 15 kwa kila lita ya juisi baridi, koroga, acha nusu saa, chuja kwa kitambaa. Maziwa hukatika na kuondoka na sehemu ya tanini. Rangi kidogo nayo huondoka, hiyo ni bei yake.

Kimea kilichocheleweshwa

Saa tisa za kuganda zilimtia hofu mtengenezaji kwamba kimea kimekufa. Hakikufa. Mafuta ya mchaichai, ambayo sehemu yake kubwa ni sitrali, yanazuia bakteria, na tanini za mbegu nazo zinazuia. Bakteria wawili wa yogati, Streptococcus thermophilus na Lactobacillus bulgaricus, wanateseka sawa na wale tunaotaka kuwazuia. Kimea hakijui kwamba mchaichai umetiwa kwa ajili ya harufu. Tatizo la kuchelewa si muda tu: kadiri pH inavyokaa juu kwenye 43°C, ndivyo uchafuzi wowote ulioingia unavyopata nafasi ya kukua kabla uchachu haujaufungia mlango.

Anayefikiria kivumbasi au karafuu badala ya mchaichai awe mwangalifu vilevile, maana eugenoli ya karafuu, ambayo kivumbasi cha aina nyingi nacho kinayo, nayo huzuia bakteria wa kimea. Kanuni ya mimea yote ya harufu ni moja: isiingie kwenye maziwa kabla ya kuganda. Iingie baadaye, ikiwa imebebwa na msingi wa matunda, yaani juisi iliyopikwa na sukari ili iunganishwe na yogati.

Hapo hapo kuna kishawishi cha kupigiwa mstari. Kwa kuwa madondoo haya ya mimea yanazuia bakteria, wengine hutangaza kwamba yamechukua nafasi ya kihifadhi. Kwenye kipimo ambacho mlaji anaweza kuvumilia ladha yake, hayafanyi hivyo, na hasa hayazuii hamira. Vifuniko vilivyovimba ni ushahidi.

Vifuniko vilivyovimba

Kifuniko kuvimba kwenye friji ni dalili ya hamira karibu kila mara. Hamira inastahimili uchachu wa yogati, inastahimili baridi ya 4 hadi 8°C kwa kiasi fulani, na inapenda sukari. Zambarau hupasuka ganda zikianguka mtini, na hamira mwitu inaanza kazi kwenye ufa huo saa chache tu baadaye. Kikapu kilicholala usiku mmoja kina harufu ya pombe asubuhi.

Lakini juisi ya kisa hiki ilichemka dakika 40, na hakuna hamira inayopona hapo. Hamira iliingia baadaye. Mahali pa kwanza pa kuangalia ni ndoo ya zambarau mbichi iliyokuwa meza moja na vikombe vitupu, na mikono ileile iliyobagua matunda ikaja kufunga vifuniko. Matunda mabichi na ujazaji visikutane chumba kimoja siku moja. Kama chumba ni kimoja tu, msingi wa matunda utengenezwe siku moja, usafi ufanyike, yogati ijazwe siku nyingine.

Ili kujua mapema, weka vikombe vitatu vya kila mkupuo kwenye joto la kawaida la chumba kwa siku tatu. Visipovimba wala kunuka pombe, mkupuo una nafasi nzuri ya kumaliza wiki mbili kwenye friji. Vikivimba, usiupeleke dukani.

Mkupuo uliosahihishwa

Hesabu inaanzia kwenye bidhaa ya mwisho: kilo 100, ambazo kilo 85 ni yogati na kilo 15 ni msingi wa matunda wenye sukari ya briksi 50 (briksi ni asilimia ya sukari kwa uzito). Uwiano huo unaleta kilo 7.5 za sukari kwenye kilo 100, kiasi ambacho wateja wengi wamezoea, bila kutia sukari nyingine popote. Juisi ya zambarau safi yenye briksi 12 ikitumika, msingi wa kilo 15 unahitaji juisi kilo 8.5 na sukari kilo 6.5. Refraktomita ya mkononi inatosha kupima. Juisi ikiwa na briksi 9, ongeza sukari na upunguze juisi mpaka jumla irudi kwenye kilo 15 na briksi 50.

Matunda: ukikamua kwa kitambaa, kama nusu ya uzito wa zambarau nzima ndiyo hutoka kuwa juisi, kwa sababu mbegu peke yake zinakula robo au zaidi. Kwa kilo 8.5 za juisi nunua kilo 20, ukijua kwamba za kutupa zipo. Ule wepesi wa bei ya kuokota unaanza kupungua hapa, na ni vizuri upungue kwenye karatasi kabla haujapungua mfukoni. Matunda yapokewe siku ileile yaliyoangushwa, kwenye turubai na si kwenye udongo. Tope halileti hamira pekee. Huleta pia mbegu za ukungu ambazo joto la kawaida la kusindika haliziui.

Osha kwa maji safi, kisha yatumbukize dakika chache kwenye maji yenye klorini ya takriban ppm 100 (miligramu 100 kwa lita): kwa klorini ya maji ya asilimia 3.5 isiyo na manukato, ni mililita 57 kwenye lita 20. Suuza kwa maji ya kunywa. Yaliyopasuka yatolewe kabla, kwa sababu rangi yake huishia kwenye maji ya kuoshea.

Tia matunda kwenye sufuria la stenlesi bila maji. Pasha upesi hadi 80–85°C huku ukiyaponda taratibu, yashikilie hapo dakika mbili au tatu. Joto hilo lina kazi mbili: linafungua ganda, ambako ndiko rangi ilikojificha, na linakiua kimeng'enya kinachofanya tunda liwe la kahawia likikatwa. Toa mbegu kwa chekeche, kamua nyama kwa kitambaa. Usiichemshe juisi ipungue. Kuchemsha kwenye sufuria lililo wazi kunaondoa maji na rangi kwa pamoja, na juisi nzito ya kahawia haina faida kuliko nyepesi nyekundu.

Pima pH. Juisi ya zambarau kwa kawaida iko kati ya 3.5 na 4. Tia ndimu ya unga gramu 2 kwa kila kilo ya juisi, koroga, pima tena, rudia mpaka ufike 3.2. Anayetaka wekundu zaidi aloweke rozela kavu gramu 20 kwa kila kilo ya juisi ya moto kwa robo saa kisha achuje. Rozela inaleta uchachu na rangi yake pamoja, na huenda ndimu ya unga isihitajike tena. Ila akumbuke kwamba rangi ya rozela nayo ni anthosianini, itafifia vilevile ikifika kwenye yogati.

Mchaichai unaingia hapa. Majani mabichi gramu 250, yaliyokatwakatwa na kufungwa kwenye kitambaa, yalowekwe kwenye juisi yote kwa 80°C dakika 10, sufuria likiwa limefunikwa. Ukiacha wazi, harufu inakwenda jikoni. Toa kitambaa, kamua. Usizidishe kwa kudhani harufu itapungua baadaye, kwani sitrali kwenye mazingira ya uchachu hubadilika polepole ikaleta harufu inayokumbusha dawa, na kadiri ulivyotia nyingi ndivyo mabadiliko hayo yanavyosikika.

Changanya pektini (unga wa kuzitisha jamu) ya aina ya LM, ile isiyohitaji sukari nyingi ili ishike, gramu 75 hadi 100, na kilo moja ya sukari ikiwa kavu. Nyunyiza kwenye juisi ya moto huku ukikoroga, kisha mimina sukari iliyobaki. Pektini ikitiwa peke yake hufanya madonge ambayo hayayeyuki hata ukoroge mpaka jioni. Unga wa mahindi haufai kuchukua nafasi yake: uchachu na joto huukata, na baada ya siku chache unaachia maji. Shikilia 85°C dakika tano, jaza chupa za kioo zilizochemshwa zikiwa bado za moto hadi shingoni, funga, pindua dakika tatu ili joto lifike kwenye kifuniko, kisha poza haraka kwa maji. Hifadhi kwenye friji, gizani. Chupa ikifunguliwa imalizike siku hiyohiyo. Kwa joto la pwani, chupa iliyoachwa kabatini huanza kuelekea kwenye ukahawia ndani ya wiki kadhaa hata kama haijaharibika. Anayetaka kuvuka msimu agandishe juisi kwenye -18°C kabla ya kutia sukari na pektini.

Upande wa maziwa: kilo 83 za maziwa, yaani lita 80 na nusu hivi, na kilo 2 za maziwa ya unga. Maziwa ya unga hayatiwi kwa ajili ya utamu. Kilo 15 za msingi wa matunda zinaipunguzia yogati protini, na protini ikipungua maji huanza kujitenga juu. Pasha 85°C kwa nusu saa, au 90–95°C kwa dakika tano. Joto hilo, zaidi ya kuua vijidudu, linazilegeza protini za majimaji ya maziwa zishikane na kazeini na kuipa yogati uzito. Poza hadi 43°C, tia kimea, usiguse mpaka pH ifike 4.5. Poza chini ya 20°C, kisha koroga polepole.

Na sasa uamuzi mkubwa wa kisa hiki: kuchanganya, au kuweka matunda chini ya kikombe? Ushauri wetu kwa zambarau ni chini ya kikombe. Gramu 30 za msingi baridi zinatangulia, gramu 170 za yogati iliyopoa zinafuata juu. Msingi unabaki kwenye pH yake ya 3.2 hivi, rangi inabaki nyekundu-zambarau iliyokolea, na mteja anachanganya mwenyewe wakati wa kula, ambapo kufifia hakuna muda wa kumuudhi. Tanini nazo hazikai wiki mbili zikishughulika na kazeini. Pektini inazuia rangi isipande juu. Jambo la kuepuka ni kumimina maziwa yenye kimea yakiwa ya moto juu ya msingi na kuyaachia yagande ndani ya kikombe: saa tano za 43°C, pH ikiwa bado juu, zinachora pete ya samawati mahali vinapokutana.

Anayeona lazima achanganye, aanze na vikombe vitano vya majaribio vyenye msingi wa asilimia 5, 8, 10, 12 na 15, avitazame siku ya kwanza na siku ya kumi chini ya taa ya friji ya dukani, si juani. Achanganye yogati na msingi vyote vikiwa 10 hadi 15°C, kwa kupindua na si kwa kupiga. Vikombe visiwe vya kupenya mwanga. Mara nyingi 12 hadi 15 ndiyo inayopendeza macho, na chini ya 8 yogati inaonekana kama imechafuliwa tu.

Waokotaji na lebo

Mizambarau tunayoijua pwani ilitoka Asia ya Kusini na imekuwa ikijiotea kando ya njia na mashambani kwa muda mrefu, lakini ipo pia mizambarau mwitu ya asili ya Afrika, yenye matunda yasiyofanana kwa rangi wala tanini. Ndoo iliyochanganywa aina mbili inavuruga hesabu yote ya hapo juu, kwa hiyo mnunuzi aonyeshwe mti, si tunda peke yake. Kuokota ndani ya hifadhi ya misitu kunahitaji kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu.

Mbegu zinazobaki zina soko la watu wanaozitumia kwa kisukari. Atakayeziuza aziuze kando, na neno kisukari lisikaribie lebo ya yogati, yenye kilo 6.5 za sukari ya kutiwa katika kila kilo 100. Tangu mwaka 2019 usimamizi wa usalama wa chakula Tanzania Bara uko chini ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania), na lebo yenye dai la tiba ni njia ya haraka ya kukwamisha usajili wa bidhaa ambayo haina kosa lingine. Viambato huorodheshwa kuanzia kizito kwenda chepesi. Kwa mkupuo huu ni maziwa, juisi ya zambarau, sukari, maziwa ya unga, kisha pektini, asidi ya sitriki ikiwa imetumika, mchaichai na kimea, vilivyobaki hivyo vikifuata uzito wake. Mkupuo ambao juisi ilikuwa na briksi ndogo ukaongezewa sukari, jumlisha upya kabla ya kubandika lebo.